Mvutano wa michezo ya video: Je, anayenunua studio ana haki ya kuwafungia wapinzani mlango?

MNAMO Aprili 30, 2024, mchezo wa maharamia wa baharini uitwao Sea of Thieves ulianza kuuzwa kwa wamiliki wa mtambo wa PlayStation 5, ambao huundwa na kampuni ya Sony ya Japan. Kwa asiyefuatilia mambo haya, hiyo ilikuwa habari ndogo. Lakini Sea of Thieves ni kazi ya studio ya Rare, iliyoko katika kijiji cha Twycross nchini Uingereza, na Rare ni mali ya Microsoft, kampuni ya Marekani ambayo mtambo wake wa Xbox umekuwa ukipigania soko lile lile na PlayStation tangu mwaka wa 2001. Ni kusema kwamba Microsoft ilichukua bidhaa iliyokuwa chambo chake, ikampelekea hasimu aiweke kwenye rafu za duka lake, na ikakubali kumwachia sehemu ya mapato.

Mchezo huo, ambao kwa miaka sita wenye PlayStation walikuwa wakiusikia tu, uliingia mara moja katika orodha ya michezo iliyonunuliwa sana katika duka la mtandaoni la Sony. Tangu hapo swali ambalo awali lilikuwa la mabishano ya vijana limekuwa swali la wakurugenzi na wenye hisa: kampuni inayounda mitambo ikinunua studio, yafaa iendelee kutoa michezo ya studio hiyo katika mitambo ya wapinzani, au ina haki ya kufunga mlango na kuutia ufunguo mfukoni?

Ili kuelewa chanzo cha ugomvi huu, sharti kwanza kuelewa jinsi biashara yenyewe inavyoendeshwa. Mtambo wa michezo hauuzwi kama jiko au redio, ambapo muuzaji hutazamia faida pale pale anapokabidhi bidhaa. Mnamo Mei 2021, katika kesi baina ya kampuni za Epic na Apple huko California, afisa mmoja wa Microsoft aliiambia mahakama kwamba kampuni yake haikuwa imewahi kupata faida kutokana na uuzaji wa mtambo wa Xbox wenyewe. Pesa hutoka kwingineko. Kila mchezo unaponunuliwa katika duka la mtandaoni la mtambo fulani, mwenye duka hukata takriban asilimia 30 ya bei. Aidha, kuna ada za kila mwezi ambazo wachezaji hulipa ili wacheze na wenzao kupitia intaneti au wapate maktaba ya michezo.

Kwa hivyo mteja anayenunua mtambo ni mteja aliyekubali kutozwa ushuru huo kwa miaka sita au saba. Ndiposa kampuni hizi huwa tayari kutumia mamilioni ya dola kuunda au kununua mchezo mmoja ambao haupatikani kwingine. Mchezo huo huenda usirudishe gharama zake. Kazi yake ni kumleta mteja mlangoni.

Historia ya Rare yenyewe yaonyesha jinsi kamba hii ilivyovutwa kutoka pande zote. Katika miaka ya tisini, studio hiyo ilikuwa nguzo ya Nintendo. Ndiyo iliyounda Donkey Kong Country mwaka wa 1994, GoldenEye 007 mwaka wa 1997 na Banjo-Kazooie mwaka wa 1998, na Nintendo ilimiliki asilimia 49 ya hisa zake. Mnamo Septemba 2002 Microsoft iliinunua yote kwa dola milioni 375. Sokwe Donkey Kong alibaki Nintendo kwa kuwa alikuwa mali yake tangu hapo, ilhali dubu Banjo alihamishwa. Mtoto aliyekuwa amempenda dubu huyo akiwa na mtambo wa Nintendo 64 aliambiwa, bila kuelezwa hivyo waziwazi, kwamba akitaka kumwona tena kwenye runinga itamlazimu kununua Xbox. Na alisubiri hadi mwaka wa 2008.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba hata wakati huo mlango haukufungwa wote. Microsoft haikuwa na mtambo wa kushika mkononi, na Nintendo ilikuwa nao. Basi Rare, ingawa ilikuwa tayari mali ya Microsoft, iliendelea kuunda michezo ya mitambo midogo ya Nintendo. Mwaka wa 2007 ilitoa Diddy Kong Racing kwa ajili ya Nintendo DS. Wahenga walisema biashara haigombi. Pale ambapo mnunuzi hakuwa na mtambo wa kulinda, hakuona sababu ya kufunga mlango.

Kisa cha Bungie ni kikali zaidi. Studio hiyo ya Marekani ilijulikana kwa michezo ya tarakilishi za Macintosh, na mnamo Julai 1999 Steve Jobs mwenyewe alipanda jukwaani New York kuutambulisha mchezo wake mpya, Halo. Mwaka uliofuata Microsoft iliinunua Bungie. Halo ikatoka Novemba 2001 pamoja na Xbox ya kwanza, na wenye Macintosh, waliokuwa wameahidiwa mchezo huo mbele ya kadamnasi, waliupata Desemba 2003. Kwa upande mwingine, ni vigumu kuona jinsi Xbox ingalisimama bila Halo. Kampuni iliyokuwa ikijulikana kwa programu za ofisini iliingia katika soko lililotawaliwa na Sony na Nintendo, na mchezo mmoja ndio uliowapa watu sababu ya kuitazama mara ya pili.

Hapa ndipo hoja ya wanaotetea kufunga mlango ilipo na nguvu zake zote. Wanasema kuwa mgeni sokoni hana silaha nyingine. Kama kila mchezo ungepatikana kila mahali, wateja wangebaki na mtambo ambao marafiki zao wanao, na aliyetangulia angetawala milele. Isitoshe, mnunuzi hutoa fedha ambazo studio haikuwa nazo. Studio ya Double Fine ya San Francisco ilikuwa ikiunda mchezo wa Psychonauts 2 kwa michango ya wapenzi wake ilipochukuliwa na Microsoft mwaka wa 2019. Fedha za mnunuzi ziliiwezesha kurejesha sehemu za mchezo ambazo tayari ilikuwa imezikata kwa kukosa uwezo. Ahadi kwa waliochanga iliheshimiwa, na mwaka wa 2021 mchezo ukatoka pia kwa PlayStation 4. Lakini toleo lililotengenezwa mahususi kwa PlayStation 5 halikuwepo, ilhali Xbox mpya zilipata lake. Ahadi yaweza kutimizwa shingo upande.

Hoja hiyo ya ushindani ni nzito, ila inachanganya mambo mawili yasiyofanana. Kampuni inayoanzisha mchezo wake yenyewe, ikalipa waandishi, wachoraji na watayarishaji programu tangu siku ya kwanza, huongeza kitu duniani. Bila yeye kitu hicho kisingekuwepo, na hakuna aliyenyang'anywa. Kampuni inayonunua studio ambayo michezo yake ilikuwa tayari ikichezwa katika mitambo yote, kisha ikaifungia nyumbani, haikuongeza chochote. Imewapunguzia wengine. Mnunuzi wa mtambo wa mpinzani aliamka siku moja akakuta mfululizo alioufuata kwa miaka kumi umehamishwa usiku.

Microsoft yenyewe iliwahi kulielewa jambo hilo vyema. Ilipoinunua studio ya Mojang ya Uswidi mwaka wa 2014 kwa dola bilioni 2.5, mchezo wa Minecraft ulikuwa tayari katika PlayStation 3 na 4. Haukuondolewa. Badala yake, mnamo Desemba 2015 ulifikishwa hadi Wii U ya Nintendo, ambako haukuwa umefika kabla ya ununuzi. Kufikia Oktoba 2023 Minecraft ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 300. Mchezo ambao raha yake ni kujenga pamoja na wenzako hupoteza thamani kila unapowafungia nje nusu ya wenzako, na katika hili haki na faida zilikwenda njia moja.

Kwa Bethesda hazikwenda pamoja. Mnamo Septemba 2020 Microsoft ilitangaza kuwa ingeinunua kampuni ya ZeniMax, mwenye Bethesda, kwa dola bilioni 7.5. Bethesda ndiyo yenye mifululizo ya Elder Scrolls na Fallout, iliyokuwa ikiuzwa kwa wenye PlayStation kwa miaka mingi. Mikataba iliyokuwapo iliheshimiwa: Deathloop na Ghostwire: Tokyo zilitoka kwanza kwa PlayStation 5, ingawa kufikia wakati huo aliyezitoa alikuwa ndani ya milki ya mpinzani. Lakini Starfield, mchezo mkubwa uliosubiriwa kwa hamu, ulipotoka Septemba 2023 ulikuwa wa Xbox na tarakilishi pekee.

Mkuu wa kitengo cha michezo cha Microsoft wakati huo, Phil Spencer, alieleza mahakamani Juni 2023 kwamba mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kuinunua ZeniMax ni kuwa Sony ilikuwa ikilipa ili michezo ya Bethesda iipite Xbox, na alisikia kwamba Starfield nayo ingeweza kufuata mkondo huo. Utetezi huo wafaa kusikilizwa, kwa maana Sony si malaika katika kisa hiki. Imelipa mara nyingi ili mchezo wa kampuni huru uchelewe kumfikia jirani. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya kukodi chumba kwa mwaka mmoja na kununua nyumba nzima na wapangaji wakiwa ndani. Katika kikao hicho hicho ilifichuka kuwa mkataba wa awali na Disney kuhusu mchezo wa Indiana Jones ulitaja mitambo kadhaa, na kwamba ulibadilishwa baada ya ununuzi ili kuiacha PlayStation nje.

Kikao hicho kilikuwa cha kesi kubwa zaidi kuwahi kulihusu swali hili. Mnamo Januari 18, 2022, Microsoft ilitangaza kuwa ingeinunua Activision Blizzard kwa dola bilioni 68.7. Ndani ya kapu hilo mlikuwa na Call of Duty, mchezo wa vita ambao kila mwaka huwa miongoni mwa inayouzwa zaidi Marekani, na ambao wachezaji wake wengi walikuwa na PlayStation. Sony ilipiga yowe. Mnamo Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwasilisha kesi kuupinga ununuzi huo, ikitaja Starfield kama ushahidi kwamba Microsoft iliwahi kuwaambia wadhibiti wa Ulaya kuwa haikuwa na sababu ya kuwanyima wapinzani, kisha ikawanyima. Tume ya Ulaya, kwa upande wake, ilisema uamuzi wake wa awali haukuegemea kauli hizo.

Nchini Uingereza mamlaka ya ushindani, CMA, ilifanya hesabu. Mnamo Machi 2023 ilitupilia mbali hofu yake kuhusu mitambo, ikisema kuwa Microsoft ingepoteza pesa nyingi zaidi kwa kuiondoa Call of Duty kwenye PlayStation kuliko ambazo ingepata kwa kuwavutia wateja Xbox. Hata hivyo iliuzuia ununuzi mwezi uliofuata kwa sababu nyingine, ile ya michezo inayotiririshwa kupitia intaneti bila mtambo, na haikulegeza kamba hadi haki za utiririshaji za michezo ya Activision ya miaka 15 zilipouziwa kampuni ya Ufaransa ya Ubisoft.

Huko Marekani Jaji Jacqueline Scott Corley alikataa ombi la FTC mnamo Julai 2023. Miongoni mwa yaliyowekwa wazi mbele yake ni barua pepe ambayo Jim Ryan, aliyekuwa mkuu wa PlayStation, aliiandika siku chache tu baada ya ununuzi kutangazwa, akisema kwamba kwa maoni yake lengo halikuwa kuifungia Call of Duty na kwamba angeendelea kuiona katika PlayStation kwa miaka mingi. Hadharani Sony ilikuwa ikilia; faraghani ilikuwa imetulia zaidi. Lakini jaji alitambua jambo ambalo halifai kupuuzwa: kwamba uchunguzi huo ulizaa matunda, kwa kuwa Microsoft ilijifunga kwa maandishi kuiacha Call of Duty katika PlayStation kwa miaka 10. Sony ilitia saini mwezi huo huo. Nintendo, ambayo haikuwa imepata mchezo huo kwa miaka kadhaa, nayo ilipewa mkataba wa miaka 10. Ununuzi ulikamilika Oktoba 13, 2023, na FTC ikaachana na kesi kabisa Mei 2025.

Baada ya hapo Microsoft ilianza kufungua milango ambayo hakuna jaji aliyeiagiza kuifungua. Mnamo Februari 2024 ilisema michezo minne, Sea of Thieves ikiwemo, ingepelekwa kwa wapinzani. Indiana Jones ilifika PlayStation 5 Aprili 2025, na Forza Horizon 5 ikafuata mwezi huo huo. Agosti 26, 2025, mchezo wa Gears of War ulitoka kwa PlayStation, na siku iyo hiyo Helldivers 2, unaochapishwa na Sony, ukatoka kwa Xbox, mithili ya majirani waliopishana njiani kila mmoja akiwa na sahani ya mwenzake. Oktoba mwaka huo ilitangazwa kuwa hata Halo, iliyoundwa upya, itauzwa kwa wenye PlayStation.

Sababu si ukarimu. Ripoti ya CMA ya mwaka wa 2023 ilisema kuwa bajeti za michezo mikubwa iliyotazamiwa kutoka mwaka wa 2024 na 2025 zilifika dola milioni 200 au zaidi. Stakabadhi za Sony zilizofichuka katika kesi ya FTC zilionyesha kwamba The Last of Us Part II uligharimu takriban dola milioni 220. Gharama kama hizo hazirudi kwa kuuzia wenye mtambo mmoja, hasa mtambo usiouzwa sana. Katika robo mwaka iliyokamilika Septemba 2025, mapato ya Microsoft kutokana na mitambo ya Xbox yalishuka kwa asilimia 29. Miezi miwili kabla ya robo hiyo kukamilika, mkurugenzi mkuu Satya Nadella aliwaambia wawekezaji kuwa kampuni yake ilikuwa mchapishaji anayeongoza katika Xbox na vilevile katika PlayStation. Takwimu hizo mbili zaeleza yote: mtambo wadidimia, michezo yastawi ugenini.

Wenye Xbox wana haki ya kunung'unika. Waliambiwa wanunue mtambo fulani ili wapate michezo fulani, na sasa jirani yao aipata bila kuununua. Kuna pia hofu kubwa zaidi, kwamba Xbox ikififia Sony itabaki peke yake katika aina yake ya mitambo, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ingawa haifai kutiwa chumvi: mwaka wa 2025 Microsoft na Sony zote ziliongeza bei za mitambo yao Marekani, wala ushindani baina yao haukuwazuia.

Walioumia zaidi, hata hivyo, hawakuwa wateja. Mchezo wa Hi-Fi Rush, mmoja wa ile minne ya kwanza, ulifika PlayStation 5 mnamo Machi 19, 2024. Ulisifiwa pande zote mbili. Mnamo Mei, kabla ya miezi miwili kutimia, Microsoft ilitangaza kuifunga Tango Gameworks ya Tokyo, studio iliyouunda. Iliokolewa Agosti na kampuni ya Krafton ya Korea Kusini. Rare nayo, pamoja na mafanikio ya maharamia wake, ilipoteza mchezo wa Everwild iliokuwa ikiutengeneza kwa miaka mingi, ulipofutwa Julai 2025. Mnunuzi ndiye anayeamua ni mlango upi ufunguliwe, na ndiye anayeamua ni nyumba ipi ibomolewe. Mjadala mrefu kuhusu mitambo ya wapinzani umewafanya wengi kuusahau ufunguo huo wa pili.

Upande wa Sony mambo ni mchanganyiko. Iliponunua Bungie kwa dola bilioni 3.6 mwaka wa 2022, studio ile ile iliyokuwa imejitenga na Microsoft mwaka wa 2007, ilikubali Destiny 2 uendelee kuchezwa katika Xbox. Sababu ni ile ya Minecraft: mchezo wa kushirikiana haukatwi vipande. Lakini Insomniac, iliyowahi kuunda Sunset Overdrive kwa ajili ya Xbox mwaka wa 2014, ilinunuliwa mwaka wa 2019 kwa dola milioni 229 na tangu hapo michezo yake mikubwa imekuwa ya PlayStation, na baadaye tarakilishi. Nintendo huwa hainunui sana. Next Level Games ya Canada, iliyoichukua mwaka wa 2021, tayari ilikuwa ikiiundia michezo yake, na hapakuwa na mtu wa kunyang'anywa.

Katika miji kama Nairobi na Mombasa, ambako vijana wengi huicheza michezo hii katika vibanda vya kulipia kwa kila mechi, mtambo huwa ni mmoja na mara nyingi ni PlayStation. Mchezo wa kandanda wa EA Sports hupatikana humo kwa sababu aliyeuunda hana mtambo wa kulinda. Mchezo uliofungiwa katika mtambo mwingine haupo kabisa kwa wateja wa kibanda hicho, kwani hakuna mwenye kibanda atakayenunua mtambo wa pili kwa ajili ya mchezo mmoja.

Mpaka wa haki, basi, wafaa kuwekwa pale mambo yalipokuwa siku ya ununuzi. Mfululizo uliokuwa ukiuzwa kwa wote uendelee kuuzwa kwa wote, na toleo linalopelekwa kwa mpinzani liwe kamili, si la kutimiza wajibu. Mchezo mpya, uliobuniwa na kugharamiwa baada ya ununuzi, mnunuzi aufanye apendavyo. Atajua mwenyewe iwapo dola milioni 200 zitarudi. Na ahadi itolewe kwa maandishi kabla ya kibali kutolewa, kwa maana kauli tu zilizotolewa wakati wa Bethesda zilibishaniwa hadi mahakamani, ilhali mkataba wa Call of Duty haujabishaniwa na yeyote.

Mkataba huo unaihusu Call of Duty pekee. Elder Scrolls na Fallout hazimo ndani yake, na matoleo yao yajayo yatatoka mahali ambapo Microsoft itaona hesabu inajibu. Kwa upande wa Sony, hakuna mkataba wowote wa aina hiyo unaoilazimu kumpelekea mwenye Xbox mchezo wa Insomniac.